Alama Nyekundu za Thadeo

Siku ile Thadeo alitoka nyumbani saa moja asubuhi kwenda Iringo kununua nati nne. Alikuwa na nati ya tano mfukoni, ya mfano, kwa sababu nati alizotaka hazitafutwi kwa jina tena, zinatafutwa kwa kulinganisha. Saa tatu kasoro mwenye duka la vipuri alinipigia simu. Alisema mume wangu ameketi kwenye benchi na haamki. Nilipofika walikuwa wamemlaza, na ile nati ya mfano ilikuwa bado kiganjani mwake. Niliichukua nikaitia kwenye pochi. Ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na nne Mei.

Ninaandika haya kwa sababu kuna mengi ambayo sikuuliza alipokuwepo, na niliyoyapata baadaye sitaki yapotee.

Thadeo alikuwa fundi wa magari hapa Musoma kwa miaka thelathini. Nyuma ya nyumba yetu ya Kitaji kuna banda la mabati, na ndani yake aliweka vitu vya magari ya zamani: ya jeshi, ya serikali, ya ushirika, ya misheni. Hapakuwa na gari hata moja. Palikuwa na taa, vibati vya namba, madumu ya chuma, sepeto, usukani, kiti kimoja cha turubai. Vitu kumi na saba kwa jumla. Kila kimoja alikiandika herufi chache kwa rangi nyekundu ya mafuta, kwa njiti ya kiberiti. Mimi niliziona herufi hizo miaka yote kama mtu anavyoona nyufa za ukuta wake.

Mwaka jana alilazwa kwa ugonjwa wa moyo. Alipotoka, mdogo wake Yakobo alikuja kumpa pole, akazunguka banda mara mbili, akasema, "Kaka, hivi vyuma si uwape wale wa skrepa? Mimi nina nyavu na mashine ya mtumbwi, sina pa kuweka." Thadeo akafunga mlango wa banda. Usiku huo, tukiwa tumelala, aliniambia, "Ursula, nikitangulia, usiwaache wavitawanye. Vikae pamoja." Nikamwambia sawa. Hilo ndilo jambo pekee aliloniomba juu ya kifo chake.

Msiba ulikuwa mkubwa. Watu walitoka Mugango, Bunda, Butiama, kila gari na masufuria yake. Mimi nilikaa kwenye godoro na kanga kichwani siku tano, nikisikia sauti tu. Siku ya sita, wageni walipokwisha, niliingia chumbani nikaona sanduku la chuma miguuni pa kitanda. Lilikuwa lile sanduku la risasi la marehemu baba yangu, mzee Kwangu, ambalo niliolewa nalo likiwa na nguo zangu. Lilikuwa bandani miaka zaidi ya ishirini.

Nilitoka nje. Ghati, jirani yangu, alikuwa anafagia majivu ya jiko la msiba. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa vyombo.

"Ghati, nani kaniletea sanduku chumbani?"

"Mimi, Mama Clever. Si lako? Lina alama yako. U.KW., Ursula Kwangu. Nimekurudishia."

Nikaenda bandani. Palikuwa na kiti cha turubai, makopo ya rangi na panya mmoja aliyenitazama.

Msomaji wa mbali huenda asijue desturi hii. Kwetu, mtu akipeleka sufuria au beseni kwenye msiba, anatia alama chini yake. Wengine hutumia rangi ya kucha, wengine msumari. Msiba ukiisha, msimamizi wa vyombo anageuza kila chombo, anasoma alama, na kila mmoja anarudi na cha kwake. Msimamizi mzuri hapotezi hata kijiko. Ghati hajawahi kupoteza kijiko.

Sasa, msiba wetu ulipozidiwa na watu, waliingia bandani wakachukua kilichofaa. Madumu yalibeba maji. Taa ya Land Rover iligeuzwa bakuli la chumvi. Usukani uliwekwa chini kama kata ya kukalishia chungu, sufuria la maharage likakaa juu yake. Vijana walichukua sepeto kwenda kuchimba kaburi. Kisha Ghati akageuza kila kitu, akaona herufi nyekundu, akafanya kazi yake.

"MGN. ST.," alinieleza akihesabu kwa vidole, "nikauliza, nani wa Mugango anaanzia na St? Wakasema Stanslaus, na yeye mwenyewe yuko pale anasubiri gari. Nikampa dumu lake. BND. MS. ni Masanja wa Bunda. BTM. RH. ni Bibi Rhobi wa Butiama. Yeye hakuja, lakini wajukuu wake walikuja, wakapakiziwa sepeto."

"Ghati, vile vilikuwa vya Thadeo!"

Alisimamisha ufagio. "Vyake? Mbona basi hakuandika T.M.?"

"Ni mahali alikovitoa."

"Sufuria lako ulilonunua kwangu utaliandika Ghati?"

Nilirudi ndani nikakaa juu ya lile sanduku. Siku ya arobaini ukoo ungekutana, na Yakobo alikuwa ameshasema mbele ya watu kwamba banda tupu halina mwenyewe, ataweka nyavu zake. Nilikuwa nimemwahidi marehemu jambo moja, na lilivunjwa nikiwa nimejifunika kanga.

Siku hiyo hiyo nilinunua daftari. Niliandika vitu kumi na saba kwa kumbukumbu, na mbele ya kila kimoja, isipokuwa kile kiti, jina la mtu ambaye Ghati alimpa.

Vya karibu vilikuwa rahisi. Kwa siku nne nilizunguka Kitaji na Iringo, nikarudi na vitu kumi na viwili. Watu walinipa bila neno. Lakini wote walisema jambo moja ambalo mwanzoni sikulitilia maanani: "Tulijua atakuja mwezi wa sita, kama kawaida." Nilidhani ni maneno ya kufariji. Ni kweli kila Juni Thadeo alikuwa na safari zake. Aliniambia anafuata vipuri.

Mugango nilikwenda Jumatatu. Stanslaus ni mvuvi, mtu mnene wa sauti nyembamba. Alikuwa ufukweni ananunulia watoto furu, wale samaki wadogo, kwa mwenzake.

"Karibu, shemeji. Dumu haliko hapa, liko ziwani."

"Ziwani?"

"Limeenda na petroli. Subiri, linarudi saa nane."

Nilisubiri juu ya jiwe. Mtumbwi uliporudi, dumu lilikuwa pale, limefungwa kwa kamba nyuma ya mashine. Stanslaus alilifuta kwa shati lake akanionyesha chini: herufi W na D, katikati mshale mdogo, na mwaka 1943.

"Unaona hii? Baba yangu alilitoa kwenye gari la Waingereza lililokuwa linapima barabara, au alipewa, au aliiba. Kila akilewa alisema tofauti. Thadeo ndiye aliniambia huo mshale ni alama ya mali ya jeshi lao. Mwaka mwingine akaja kuniambia dumu hili limeundwa kwa kuiga la Wajerumani. Mwaka mwingine akaja kuniambia kwa nini lina mikono mitatu."

"Kwa nini?"

"Ili watu wawili walibebe pamoja, au mmoja abebe mawili matupu kwa mkono mmoja. Hukujua? Mke wa fundi!" Alicheka, kisha akakumbuka nguo yangu nyeusi, akaacha. "Yeye hakukueleza?"

"Sikumuuliza."

Alimimina petroli yote kwenye dumu la plastiki, polepole. "La plastiki linavuja," alisema. "Hili halijawahi kuvuja tangu vita ya Hitla. Lakini chukua, shemeji."

Nililibeba mpaka barabarani. Ukweli ni kwamba sikujisikia kama mtu aliyerudishiwa kitu chake. Nilijisikia kama mtu wa halmashauri aliyekamata kuku.

Bunda nilikwenda Alhamisi. Masanja analima pamba na kufuga upande wa kutokea Nyamuswa. Usukani alikuwa ameutundika ndani, chini ya picha ya Bikira Maria. Aliushusha, akaweka kidole kwenye sehemu moja iliyoungua, nyeusi, ya ukubwa wa sarafu.

"Hii ni nini?"

"Sufuria la maharage," nilisema, na nikataka ardhi inimeze.

Alinitazama. Halafu akapiga paja. "Mama wee! Baba yangu aliendesha Land Rover ya ushirika miaka kumi na minane, kusambaza mbegu na dawa. Alipoambiwa gari limechoka, akafungua usukani akaja nao nyumbani. Akasema, sitaendesha lingine. Hakuendesha hata baiskeli! Na leo usukani wake umepikia maharage ya fundi Thadeo. Huko aliko anatukana Kisukuma."

Mkewe alileta uji. Niliuliza jinsi Thadeo alivyoupata usukani, na Masanja akasema alikuja kutengeneza pampu ya maji, akauona, akauliza umetoka kwenye gari gani.

"Akanunua?"

"Nani auze usukani wa baba yake? Alisema nipe nikautafutie umri wake. Akaenda nao. Mwaka uliofuata akaja na habari: ni wa gari la mwaka fulani, aina fulani, gari lenyewe lilikuwa na usukani kulia. Baba alikuwa hai bado. Alifurahi kama mtu aliyeletewa habari za mtoto aliyeko shule. Toka hapo anakujaga kila mwezi wa sita. Hata kama hana jipya anakujaga, anasema usukani haujambo."

Nilimwambia ninaomba niuchukue tena, kwa sababu marehemu alitaka vikae pamoja. Masanja aliunyoosha mkono wenye usukani, lakini hakuuachia mara moja.

"Utaniletea habari zake?"

"Habari gani?"

"Za usukani."

Nilisema ndiyo ili aniachie. Nikarudi Musoma nao mapajani, na njia nzima nilikuwa ninahesabu: Juni ngapi nimemfungia chapati za safari bila kuuliza anakwenda wapi. Zilikuwa nyingi. Nilizoea kufikiri kwamba mtu mkimya hana la kusimulia. Kumbe alikuwa na watu kumi na sita wa kuwasimulia, na mimi nilikuwa wa kumi na saba, mwenye sanduku. Labda alisubiri nimuulize, kama yeye alivyowauliza wao.

Butiama niliiacha mwisho kwa sababu ya lile sepeto. Wajukuu wa Bibi Rhobi walinipigia simu wiki moja kabla. Walisema bibi amekataa lisiingie ndani. Limelala nje ya ua tangu siku waliporudi nalo, na hakuna anayeruhusiwa kuligusa.

Nililikuta hapo hapo, kwenye majani, na udongo mwekundu wa kaburi umekauka juu yake. Bibi Rhobi alikuwa ameketi mlangoni anamenya mihogo. Ni mwembamba, ana miaka themanini na kitu, na hakuinuka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye msiba?"

"Ndiyo, bibi. Nimekuja kuchukua sepeto."

"Kuchukua! Kwanza lioshe. Ni watu gani nyie, chombo kinachimba kaburi asubuhi, jioni mnakipakia kwenye gari la watu na masufuria? Jembe la kaburi linaoshwa na waliofiwa wenyewe, ndipo linatoka. Ningeliingiza ndani, ningewaambia nini hawa watoto?"

"Nisamehe, bibi. Nilikuwa ndani. Sikuona."

"Najua ulikuwa ndani. Ndiyo maana sijalitupa." Akamwita mjukuu wake Robi, aliyepewa jina lake, alete ndoo, kisha akamzuia. "Mpe ndoo, usimsaidie."

Nilipiga magoti nikaosha. Ni sepeto fupi, mpini wake umeshikwa mpaka ukang'aa, na kwenye chuma kuna namba zilizogongwa. Udongo ulitoka kwa tabu. Mpaka wakati ule sikuwa nimeliona kaburi la mume wangu kwa karibu. Siku ya kuzika macho yangu yalikuwa yamejaa. Udongo wake niliushika pale Butiama, kwenye ndoo ya mtu. Bibi Rhobi aliendelea kumenya mihogo na hakuniambia nyamaza.

Nilipomaliza akaniambia nikae. Aliniambia mumewe alikuwa dereva wa lori la Bedford. Vita ya Kagera ilipoanza, lori likachukuliwa, na yeye akaenda nalo. Mvua ilinyesha, njia ikawa tope, na kazi yake kubwa kule ilikuwa kuchimbua magurudumu kwa sepeto hilo. Lori lilibaki huko. Yeye alirudi na sepeto begani, na kwa sepeto hilo akachimba msingi wa nyumba tuliyokuwa tumekaa mbele yake.

"Watu waliuliza habari za bunduki," alisema. "Yeye alikuwa na habari za tope. Hakuna aliyetaka kusikia. Mume wako ndiye mtu wa kwanza kuniuliza, hili limetoka kwenye gari gani? Mume wangu alishakufa, nikajibu mimi."

"Ukampa."

"Nikampa akae nalo. Kumpa akae nalo ni kitu kingine." Alinyanyua kisu akanielekezea. "Wewe umezaliwa wapi, mwanangu? Kwenu hakuna ng'ombe?"

"Kwetu ni wavuvi, bibi."

"Ndiyo maana. Mimi nikiwa na ng'ombe saba, wawili nawaweka kwa huyu, mmoja kwa yule. Anawalisha, anakamua, na kila mara analeta habari: yule mweusi amezaa, yule mwekundu anakohoa. Akifa, watoto wake wanasema ni wa baba?"

Nilimkumbuka Ghati na ufagio wake. Mbona basi hakuandika T.M.?

"Lakini aliniambia vikae pamoja," nilisema. "Aliniomba, bibi. Nimeahidi."

"Alikuambia lini?"

"Mwaka jana, alipotoka hospitali. Mdogo wake alitaka kuviuza kwa wa skrepa."

"Basi aliogopa skrepa." Alitia muhogo kwenye sufuria. "Pasaka alikuja hapa. Si mwezi wake, nikashangaa. Nilimwambia, Thadeo, mwaka huu nalitaka sepeto langu, nimekuwa mtu mzima, nataka nilione nikiwa kitandani. Unajua alifanya nini? Alifurahi. Akaniletea kile. Robi, mwonyeshe."

Robi alinipeleka chumbani kwa bibi. Ukutani, mkabala na kitanda, palikuwa na ubao uliopigiliwa, na kwenye ubao vishikizo viwili vya chuma vya zamani, vya kushikia sepeto ubavuni mwa lori. Kila kimoja kilikuwa na bolti mbili zimechomoza. Hazikuwa na nati.

"Alisema hizi nati hazipatikani kirahisi," alisema Robi. "Alikuwa nayo moja tu. Alisema atatafuta nne zinazofanana nayo, na atakuja kufunga mwezi wa sita."

Nilifungua pochi. Ile nati nilikuwa nimetembea nayo siku thelathini na moja. Niliiweka kwenye bolti ya kwanza nikaizungusha kwa vidole, ikaingia mpaka mwisho.

Kisha nikatoka kumwambia bibi kwamba sepeto linabaki, na kwamba nati nitazileta mimi.

Wiki iliyofuata nilifanya kazi ambayo Kitaji nzima ilinicheka. Nilivirudisha vyote. Ghati alinikuta njiani na taa ya Land Rover kwapani.

"Mama Clever, juzi ulikuwa unachukua, leo unapeleka. Wewe uko upande gani?"

"Upande wako, Ghati. Ulikuwa sahihi."

"Niliyajua hayo," alisema, akanipokea taa tukaenda wote.

Stanslaus alilijaza dumu petroli nikiwa bado nimesimama. Masanja aliutundika usukani pale pale chini ya picha, sehemu iliyoungua ikiwa juu, ili wageni waulize. Kila nilipokwenda nilikaa, nikauliza, nikaandika kwenye daftari.

Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili Juni tulisoma misa ya arobaini. Baada ya chakula ukoo ulikaa, na Yakobo akauliza habari ya banda.

"Liko tupu, shemeji," nilimwambia. "Kuna kiti kimoja cha turubai, chenye alama nisiyoweza kuisoma. Weka nyavu zako."

Alinitazama kama mtu aliyejiandaa kusukuma mlango akaukuta wazi. "Na vyuma vya kaka?"

"Vipo. Vyote kumi na saba nimevijua viliko." Nikamwonyesha daftari. Aligeuza kurasa, akasoma ukurasa wa dumu mpaka mwisho, akauliza mikono mitatu ni ya nini. Nikamweleza.

Nati nne nilizipata Iringo, kwenye duka lile lile, siku ya Jumanne. Mwenye duka alizitafuta saa nzima kwenye makopo, na hakuniuliza ni za nini. Tatu zimeungana na ile ya Thadeo kwenye ubao wa Bibi Rhobi, na sepeto limefungwa. Ya nne, ya mfano, iko kwenye sanduku la baba yangu, miguuni pa kitanda. Jumamosi ijayo ninakwenda Bunda kumpa Masanja habari za gari la ushirika, kwa sababu mzee mmoja wa hapa Kitaji amekumbuka namba yake.